Mahindi Yaliyosahau Kuita Nyigu

Ukishavuka mpaka wa Sirari na kuipita Isebania, tumbaku ya Wakuria inakuachia mahindi ya Migori, mahindi yanakuachia miwa ya Awendo, na ukifika Rongo unakata kushoto kuelekea ziwani. Nilipita njia hiyo mwezi Juni nikitokea Musoma. Masika yalikuwa yamemaliza kazi yake na mahindi yameanza kutoa mbelewele. Chini ya mabua, shamba baada ya shamba, palikuwa na maua madogo ya zambarau iliyopauka, mengi kiasi kwamba asiyejua angedhani yamepandwa kwa urembo.

Ni kiduha. Wajaluo wanakiita kayongo, na hakuna mkulima wa kando ya ziwa, awe wa Mara au wa Homa Bay, asiyekijua. Kiduha hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi, mtama au ulezi na kunyonya maji na chakula kikiwa bado chini ya ardhi. Siku mkulima anapokiona juu, hasara imeshaingia. Mche mmoja huangusha maelfu kwa maelfu ya mbegu, ndogo mno, na mbegu hizo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri mzizi wa kuushambulia. Kule kwetu tuling'oa kwa mkono kila msimu, na kila msimu kilirudi.

Nilikuwa naelekea Mbita, mji mdogo unaotazamana na kisiwa cha Rusinga. Hapo kuna kituo cha utafiti cha icipe, taasisi ya kimataifa ya sayansi ya wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeamini kwamba Waafrika wanaweza kuwachunguza wadudu wa Afrika wakiwa hapa hapa Afrika. Kituo cha Mbita leo kina jina lake. Makao makuu yako Kasarani, Nairobi, lakini mimi nilitaka Mbita, kwa sababu hapo ndipo katika miaka ya 1990 mtafiti kutoka India, Zeyaur Khan, akishirikiana na mwanakemia Mwingereza John Pickett wa kituo cha Rothamsted, alipoanza kuyakinga mahindi na wadudu kwa harufu za mimea mingine.

Nilifika jioni. Usiku, upande wa ziwa ulijaa taa za wavuvi wa dagaa, mstari mrefu wa mwanga unaoyumba juu ya maji. Shamba la mahindi matupu linamfanyia nondo kile ambacho karabai inamfanyia dagaa: ishara ni moja, ina nguvu, hakuna kinachoivuruga, naye anaifuata moja kwa moja.

Nondo ninaowazungumzia ni wazazi wa bungua, wale viwavi wanaotoboa mabua kwa ndani. Wako wa aina mbili wanaotusumbua zaidi. Mmoja, Busseola fusca, ni wa Afrika tangu asili. Mwingine, Chilo partellus, alitoka Asia na kuonekana barani kwetu miaka ya 1930, kisha akaenea hasa maeneo ya joto na tambarare. Jike huruka usiku, naye hatafuti mahindi kwa macho. Anatafuta kwa vipapasio vyake, ambavyo vinatambua kemikali zinazotoka kwenye majani: heksanali, asetati ya heksenili na nyingine za jamii hiyo, zile zile zinazokupa wewe harufu ya nyasi iliyokatwa. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni ya mahindi peke yake. Kinachomwambia nondo kwamba hapa ni mahindi, na tena mahindi mazima, ni mchanganyiko na vipimo vyake.

Maabara ya harufu niliipenda kuliko nilivyotarajia. Mmea hai unavalishwa mfuko wa plastiki, hewa iliyosafishwa kwa mkaa inapulizwa ndani, na kila kinachotoka kwenye majani kinanaswa ndani ya kijineli chenye chembechembe za kunyonya. Kisha mzigo huo unaingizwa kwenye mashine ya kromatografia inayotenganisha kemikali moja moja. Lakini mashine peke yake haijui ni kemikali ipi ina maana kwa mdudu. Kwa hiyo watafiti huchukua kipapasio cha nondo au cha nyigu, wakakiunganisha na nyaya nyembamba za umeme, na kila kemikali inapotoka kwenye mashine wanatazama kama kipapasio kimeshtuka. Kemikali nyingi hupita bila mdudu kujali. Chache humshtua, na hizo ndizo zinazofuatwa shambani.

Kwa njia hiyo yaligunduliwa mambo yanayoongoza kilimo kinachoitwa sukuma-vuta, ingawa wakulima wengi wa huko wanasema tu pushi-puli. Majani tembo, yale tunayokatia ng'ombe, yanatoa harufu ile ile inayomvutia nondo kama mahindi, tena saa ya kwanza ya giza, wakati hasa jike anapotafuta pa kutagia, huongeza utoaji wake takriban mara 100. Mahindi nayo huongeza, ila si kwa kiwango hicho. Nondo anakwenda kutaga kwenye majani tembo yaliyopandwa kuzunguka shamba. Mayai yakianguliwa, viwavi wanapotoboa bua, mmea unatoa utomvu unaonata na kuwazuia. Takriban asilimia 80 yao hawafiki utu uzima. Hiyo ndiyo kuvuta.

Kusukuma kuna historia yake. Kati ya nyasi zilizojaribiwa mwanzoni, moja iliyo na manyoya yenye utomvu unaonata, Melinis minutiflora, ilipopandwa kati ya mistari ya mahindi iliwapunguza bungua, na wakati huo huo idadi ya bungua walioshambuliwa na nyigu wadogo ikaongezeka. Mwaka 1997 Khan na wenzake walieleza sababu katika jarida la Nature. Nyasi hiyo, ikiwa haijaguswa na mdudu yeyote, inatoa kemikali ambayo watafiti huifupisha DMNT, na mahindi hutoa kemikali hiyo hiyo pale tu yanapotafunwa. Kwa nyigu Cotesia sesamiae, ambaye hutaga mayai ndani ya kiwavi aliye hai, harufu hiyo ina maana kwamba kuna windo karibu. Kwa nondo ina maana kwamba mmea huu umeshakaliwa na wengine. Baadaye nafasi ya nyasi ile ikachukuliwa na desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, kwa sababu desmodiamu inarutubisha udongo na ng'ombe anaila kwa hamu.

Kesho yake nilipelekwa kwa mama mmoja mwenye shamba si mbali na mji. Nikamwamkia kwa shikamoo, akaitikia marahaba na kucheka, akasema ndiyo salamu ya watu wa ng'ambo. Kando ya shamba lake kulikuwa na mistari mitatu ya majani marefu, na ndani, katikati ya kila mistari miwili ya mahindi, desmodiamu ilikuwa imetandaa hadi ardhi haionekani.

"Hapa zamani nilikuwa navuna mabua," aliniambia. "Kayongo ilikuwa inatangulia kula, mimi nafuata."

Nilimuuliza kama kazi haijazidi. Akanyamaza kidogo akiyatazama mahindi.

"Mwaka wa kwanza ni kazi, mwanangu, sitakudanganya. Hii desmodiamu ikiwa changa unaipalilia kwa mkono, polepole, maana inafanana na magugu. Mwaka wa pili inakupalilia yenyewe."

Nilitafuta ua la zambarau katika shamba lile lote. Nililiona moja, pembeni kabisa, mahali ambapo desmodiamu ilikuwa imekufa.

Jambo la kiduha halikupangwa. Watafiti walipanda desmodiamu kwa ajili ya bungua, ndipo wakaona kwamba kayongo nayo inatoweka. Kivuli na naitrojeni vilichangia, lakini havikutosha kueleza upungufu waliouona. Ukweli ulikuwa chini, kwenye mizizi, na kwangu hii ndiyo kemia nzuri kuliko yote niliyoisikia katika safari ile.

Mizizi ya mahindi hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni. Kwa miaka mingi zilijulikana kama kitu kinachoamsha mbegu za kiduha, na watu wakajiuliza kwa nini mmea umwite adui yake. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kemikali hizo ni wito kwa kuvu rafiki wanaoishi kwenye mizizi na kuuletea mmea fosforasi. Udongo ukiwa umechoka na fosforasi ni haba, mmea unaita zaidi. Kiduha kimejifunza kusikiliza wito usiokihusu. Ndiyo maana kinasitawi katika mashamba yaliyochakaa, ya watu ambao tayari hawana kitu.

Desmodiamu inaingilia mazungumzo hayo. Mizizi yake hutoa mkusanyiko wa kemikali za jamii ya flavonoidi. Baadhi yake huziamsha mbegu za kiduha, na nyingine huzuia kizizi kilichochipua kisikue wala kisijishikize popote. Mbegu inaamka, haina pa kunyonya, inafia udongoni, na msimu baada ya msimu akiba ya mbegu inapungua. Ingekuwa kemikali ya kuamsha peke yake, kiduha kilichoamka kingeweza kujishikiza kwenye mizizi ya mahindi ya jirani. Ingekuwa ya kuzuia peke yake, mbegu zingeendelea kulala zikisubiri. Kazi inafanywa na mkusanyiko.

Wingi huo wa kemikali ndio niliokwenda kuutafuta, na hapa sina budi kuitaja pareto. Maua ya pareto ya Mafinga, au ya Molo upande wa Kenya, yanaua wadudu kwa kundi la kemikali sita zinazofanana, piretrini, ambazo huharibika upesi kwenye jua. Wanakemia wakataka zisiharibike. Katika kituo kile kile cha Rothamsted, Michael Elliott na wenzake walitengeneza permetrini mwaka 1973, jamaa wa piretrini asiyeogopa jua. Ilikuwa kazi kubwa, na imeokoa maisha ya watu kupitia vyandarua. Lakini kemikali moja inayodumu, ikitumiwa kila mahali, inampa mdudu jambo moja tu la kujifunza. Leo mbu wa malaria sehemu nyingi za Afrika wanastahimili dawa za jamii hiyo. Shambani ni vilevile: kila duka la pembejeo lina chupa mpya ya kuchukua nafasi ya ile iliyoshindwa.

Kilichonihuzunisha Mbita ni mahindi yenyewe. Amanuel Tamiru na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2011 katika jarida la Ecology Letters. Walimwacha Chilo partellus atage mayai kwenye mahindi ya mbegu za asili, zikiwamo za Amerika ya Kilatini. Mayai tu, hakuna kiwavi aliyeanguliwa, hakuna jani lililotafunwa. Mmea ukabadilisha harufu yake, na harufu hiyo mpya ikawaleta nyigu wa aina mbili: wale wanaoshambulia mayai, na wale wanaoshambulia viwavi, ambao wanawahi kabla kiwavi hajatoka. Mmea unajua, tangu yai linapogusa jani, kwamba shida inakuja. Mbegu chotara za dukani zilizowekwa kwenye jaribio hilo hazikuita. Baadaye Nyamula na Jowi, mbegu za asili za magharibi mwa Kenya, zilijaribiwa, nazo zikaonyesha kwamba uwezo huo zinao.

Si hapa tu. Mizizi ya mahindi ikitafunwa na buu wa mende fulani wa Marekani hutoa kariofileni, harufu inayowaita minyoo wadogo wanaoua buu huyo. Mahindi mengi ya Amerika ya Kaskazini yamepoteza uwezo huo, ilhali mahindi mengi ya Ulaya bado yanao, na mmea pori uliozaa mahindi unao. Mwaka 2009 watafiti walilazimika kuchukua jeni la oregano, kiungo cha jikoni, na kulipandikiza kwenye mahindi ili yaite tena.

Hakuna mtu aliyekusudia kuyanyamazisha. Wataalamu wa mbegu walitafuta mavuno, kukomaa mapema, kuvumilia ukame, na walichagua wakiwa kwenye mashamba ya majaribio yenye mbolea na dawa, ambako mmea usioweza kuita nyigu hauonekani kuwa na kasoro. Nawaheshimu, mbegu zao zimelisha watu. Ila kipimo kilikuwa pungufu, na gharama yake anailipa mama wa Mbita, ambaye hana pampu ya dawa.

Na nyigu wenyewe wapo. Mwaka 1993 icipe iliwaachia pwani ya Kenya nyigu Cotesia flavipes waliotoka Pakistani, ili wamfuate Chilo aliyekuja kutoka Asia bila adui wake. Walijenga makazi na kuenea. Nyigu hao hufika kwa bungua kwa kufuata harufu ya mmea ulioliwa na ya kinyesi cha kiwavi. Tukipanda mahindi yasiyotoa ishara, tunawaajiri askari na kuwanyima anwani.

Mjadala wa kisayansi haujaisha. Mwaka 2024 timu iliyowashirikisha watafiti wa chuo kikuu cha kilimo cha Sweden ilichapisha katika eLife makala inayodai kwamba desmodiamu haimfukuzi nondo kwa harufu kama ilivyosemwa siku zote. Walikuta desmodiamu isiyoliwa haitoi harufu nyingi, na kwamba ulinzi wake uko kwenye vinyweleo vyake vyenye ndoana, ambavyo huwanasa na kuwatoboa viwavi wanaopita juu ya majani. Utafiti mwingine, uliopima hewa ndani ya mashamba ya wakulima wa magharibi mwa Kenya, ulizikuta harufu zile zikiwapo. Mimi si mwanakemia, lakini naona matokeo haya hayalazimishi kuchagua upande. Desmodiamu ina vinyweleo, ina harufu, ina kemikali za mizizi, na kiwavi anayenusurika kimoja anakutana na kingine.

Kwamba inafanya kazi, ushahidi ulikuja kwa njia ngumu. Viwavi jeshi vamizi kutoka Amerika walionekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na mwaka uliofuata wakawa kwetu. Sukuma-vuta haikubuniwa kwa ajili yao. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka kwa wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania ulikuta kwamba mashamba yenye desmodiamu na nyasi ya brakiaria yalikuwa na viwavi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko ya mahindi matupu. Brakiaria iliingizwa kwa sababu inastahimili ukame, na pia kwa sababu majani tembo katika eneo lile yamepatwa na ugonjwa wa kudumaa.

Kasoro zipo na lazima zisemwe. Mbegu za desmodiamu ni ghali na mara nyingi hazipatikani. Wengi huanza kwa kuomba vipande vya mche kwa jirani. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hana sababu ya kupanda mmea wa kudumu ambao faida yake kubwa inakuja mwaka wa pili. Asiye na ng'ombe, wala jirani wa kumuuzia majani, anapoteza nusu ya faida. Na mifugo inayoachiwa kuzurura baada ya mavuno itaimaliza desmodiamu yote. Bwana shamba anayekuhubiria teknolojia hii bila kukuuliza mambo hayo manne hajaifanya kazi yake.

Mama yule alinifungia vipande vya desmodiamu kwenye gazeti lenye maji. Ilinibidi nivikatae, kwa sababu mimea hai haivukishwi mpaka bila kibali, nami nilikuwa nashukia Sirari. Alielewa. Akanionyesha badala yake mahindi yaliyoning'inizwa juu ya jiko, meupe, punje kubwa zisizolingana, mbegu ya mama mkwe wake. Anayapanda mistari michache kila mwaka, pembeni mwa chotara. "Haya hayazai sana," alisema, "lakini hayaliwi sana."

Kwa hiyo nina ombi kwa watu wa mbegu wa taasisi za utafiti wa kilimo, KALRO upande wa Kenya na TARI upande wetu. Mbegu mpya mnaipima kwa gunia, kwa siku za kukomaa, kwa ukame na kwa magonjwa. Ongezeni kipimo kimoja: kabla hamjaithibitisha, ipandeni bila dawa, mwacheni nondo aitagie, kisha pimeni kama inaita nyigu. Na wewe msomaji ambaye juu ya jiko la nyumbani kwenu bado kuna mahindi ya zamani, usiyasage yote. Bakiza mbegu, na msimu ujao uipande.